Mwanga Uliopita Mlangoni pa Kaka Yake

Mchungaji, ndugu, majirani wa Kivilampi, na ninyi mliotoka Thunder Bay kwa barabara iliyofunguliwa juzi tu, familia ya Niskala imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Arvo Johannes Niskala. Mimi ni Ritva, binti wa kaka yake Taisto, na kwangu yeye alikuwa baba mdogo, basi nisameheni nikimwita hivyo, maana neno marehemu bado halijakubali kutoka mdomoni mwangu.

Baba mdogo alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa hapa Kivilampi, ndani ya sauna ya babu, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kama walivyozaliwa wengi wa rika lake, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye joto na maji safi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Heikki Niskala, mkata magogo, na mkewe Lempi, akimfuata kaka yake Taisto aliyemtangulia kwa miaka mitatu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba Taisto alizaliwa akilia mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini, ila huyu wa pili alifika akatazama tu, mkunga akamchapa kofi, akatoa sauti kidogo ya kuridhisha watu, kisha akarudi kwenye kimya chake.

Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 17 Aprili 1949, akasoma shule ya msingi ya Kivilampi kuanzia mwaka 1955 hadi 1963, katika darasa moja lililobeba watoto wote wa kijiji, na ni katika miaka hiyo ndipo yeye na kaka yake walipokuwa wakitega sungura msituni wakati wa baridi. Taisto alizoea kuizungukia mitego kwa mpangilio ule ule aliofundishwa na babu, lakini mdogo wake alikaa siku moja jikoni akachora msitu wote kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia mkate, akapanga upya upi uanze na upi umalizie, na Taisto akamwambia, "Wewe mvivu tu, unatafuta njia ya kutembea kidogo," naye akajibu, "Natafuta supu ikiwa bado ya moto." Walifuata njia yake, na supu ikawa ya moto, na bibi aliwapiga wote wawili kwa sababu ya ule ubao.

Mwaka 1963 alipelekwa Port Arthur kwa masomo ya sekondari, akiishi chumba cha kupanga kwa mjane mmoja mtaani Bay, akahitimu mwezi Juni 1968, na baadaye akasoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Lakehead hadi Mei 1972. Taisto alibaki huku, akachukua shamba, akafungua duka, na kila vuli alimpelekea mdogo wake gunia la viazi kwa gari la magogo, kwa hiyo mhandisi huyu alisoma kwa viazi vya kaka yake, na hilo hakulisahau, alilisema kwenye kila sherehe aliyolazimishwa kusema neno.

Tarehe 5 Juni 1972 aliajiriwa na kampuni ya simu mjini Thunder Bay, na huko alifanya kazi mpaka alipostaafu. Miaka ya kwanza alishughulika na minara, lakini nyuzi za kioo zilipokuja akahamishiwa kitengo cha mipango, na kwa kuwa wengi mmekuwa mkiuliza kwa adabu alikuwa akifanya nini hasa huko, nitasema kwa kifupi. Siku hizi sauti na picha husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, na mwanga nao huchoka, ukienda mbali hufifia, lazima njiani ukute mtambo wa kuupa nguvu upya, na mitambo hiyo ni ghali kupita kiasi. Kazi ya baba mdogo ilikuwa kuamua mawasiliano ya watu yapite njia gani na mitambo ikae wapi, ili kila mtu afikiwe kwa gharama ambayo kampuni inaweza kuibeba, na kijiji ambacho hakikuwekewa mtambo, mwanga ulikipita kama treni ya haraka inavyopita kituo kidogo.

Alikuwa na utaratibu wake, ambao wenzake waliucheka kwanza na kuuiga baadaye, wa kufuta majina yote kwenye ramani kabla ya kuanza kazi na kuweka namba mahali pake, ili asiwepo wa kupendelea mji wa mama mkwe wake. Kijiji hiki, ndugu zangu, mnachokiona na kanisa lake na ziwa lake, kwenye ramani ya baba mdogo kilikuwa kumi na saba.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na Colette Desrosiers, mwalimu kutoka Longlac, mwanamke mchangamfu aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili, na walijaliwa mtoto mmoja, Solange, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1981, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele. Mama mdogo Colette alikuwa akisema kwamba aliolewa na mwanaume ambaye ukimuuliza chumvi iko wapi hukuletea chumvi, hajibu, na kwamba alimpenda kwa hilo hilo.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe, na aliyesema pasomwe ni baba yangu mwenyewe, Taisto, kwa kuitikia kwa kichwa.

Mwaka 1995 kampuni ilichimba njia ya akiba ya mkongo kufuata reli ya kaskazini, ili njia kuu ya kusini, kando ya ziwa kubwa, ikikatika mawasiliano yazungukie huku, na mtaro huo ulilazimika kupita katika mashamba ya Kivilampi. Wenye mashamba walikuwa na haki ya kudai fidia, lakini baba yangu alizunguka nyumba kwa nyumba akawaambia, "Jamani, huyu ni Arvo wetu, mnataka kumtoza Arvo? Waya ukifika, shule itapata, duka litapata, vijana hawatakimbilia mjini," na watu wakamwamini, wakatoa ardhi bure, na wengine wakabeba hadi sururu.

Mtaro ukafukiwa, theluji ikaanguka, na hakuna kilichowaka. Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 1996, katika jiko la bibi, kahawa ikiwa mezani, baba yangu aliuliza itakuwa lini, na baba mdogo akasema haitakuwa, mwanga unapita tu, kuushusha hapa kungetaka mtambo mzima na mtambo mmoja ni bei ya shule yenyewe. Baba akauliza, "Nani kasema usiwekwe hapa?" naye akajibu, "Hesabu," na baba akauliza, "Aliyepiga hesabu ni nani?" na baba mdogo, ambaye angeweza kunywa funda moja la kahawa na kuangalia dirishani, akasema, "Mimi, kaka."

Baba yangu alinyanyuka polepole. Alisema, "Ungeniambia wakubwa wamekataa, ningemaliza kahawa yangu nikaenda zangu," na baba mdogo akasema, "Ungekuwa uongo," na baba akachukua kofia yake akasema, "Basi kaa nao huo ukweli wako, ukupikie na ukufulie." Hayo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao. Niliwahi kudhani yatakwisha kabla ya Krismasi, kama ugomvi wa watu wengine unavyokwisha, lakini sisi si watu wengine, sisi ni akina Niskala, tukikasirika hatupigi kelele, tunanyamaza, na hilo ni baya zaidi. Bibi Lempi alipofariki tarehe 21 Oktoba 1999, wanawe wawili walilibeba jeneza lake, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakalishusha kwa pamoja bila kutetereka, wala hawakusalimiana.

Kivilampi nacho kikaanza kupungua. Shule ilifungwa tarehe 28 Juni 2002, vijana wakaondoka mmoja mmoja, na kila familia iliyofunga virago ilipitia dukani kwa baba yangu kulipa deni na kuaga, naye aliwapa watoto peremende na kuwatazama wakiondoka, huku mwanga wa dunia nzima ukipita chini ya kibaraza chake.

Mwezi Aprili 2003 barafu ya Mto Tamarack ilivunjika kwa kishindo ikabeba daraja la barabara kuu, na eneo lote la kaskazini likawa bubu, benki, hospitali, viwanja vya ndege, kila kitu. Watu wa mipango hawakuelewa, kwa sababu njia zilikuwa mbili, kwenye mchoro mistari miwili haikukaribiana hata kidogo, na watu wa kazi ile huamini mchoro kuliko macho yao. Kumbe miaka ya nyuma daraja la reli lilipobomolewa, mafundi walihamishia waya wa akiba kwenye daraja la barabara, ubavuni mwa ule mkuu, kazi ikaisha mapema, na hakuna aliyegusa mchoro, kwa hiyo njia mbili zilizopangwa kuokoana zilishikana mikono hapo darajani na kuzama pamoja.

Yaliyofuata tumeyajua jana jioni, ukumbini, tukinywa kahawa, kutoka kwa Bwana Harjit Sohal aliyekuwa chini ya baba mdogo katika kitengo kile. Wakubwa walitaka kurudisha nyaya zote mbili kwenye daraja jipya, ndani ya bomba la chuma, kwa kuwa ni rahisi. Baba mdogo akakataa, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti ofisini akapiga meza, akasema akiba inayopita mlango mmoja na mwenzake si akiba, lazima izungukie mbali, upande wa juu wa mto, kufuata nguzo za umeme. Wakamwambia, haya, tuonyeshe kwamba haitatufilisi. Akafuta majina, akaweka namba, akaanza. Njia ikawa ndefu zaidi, na kwa kuwa ilikuwa ndefu, mwanga haukuweza tena kufika mtambo wa zamani uliokuwa mbele zaidi njiani ukiwa na nguvu, ulichoka mapema, na mahali ulipochokea, ambapo mtambo ungekaa kwa gharama ndogo kuliko pengine popote, ilikuwa ni kumi na saba.

Hakufurahi, anasema Bwana Harjit, aliogopa. Alichukua ile hesabu akawapa vijana wa kitengo waitafutie kosa, wakairudisha wakisema iko sawa, akawapa wengine, nao wakasema iko sawa, mpaka Harjit mwenyewe akamwambia, "Mzee, peleka basi, inatosha," na baba mdogo akajibu, "Rudieni tena, naogopa kumi na saba inanipendeza." Hawakuelewa. Hakuna aliyejua kumi na saba ni kwao, na Harjit alikuja kujua siku ya kumuaga kazini, alipoona picha ya kanisa hili na kuambiwa ni la kwao.

Baba yangu aliyasikia haya jana kwa mara ya kwanza, pamoja na sisi. Alivaa kofia akatoka nje kwa magongo yake, tukamwacha.

Kibanda cha mtambo kilijengwa nyuma ya ukumbi wa kanisa hili na kuwashwa tarehe 9 Novemba 2006, na kwa kuwa mtambo ulishakuwepo, kuwagawia wanakijiji hakukuwa tena na gharama kubwa, nyumba zilizobaki zikaunganishwa zote, isipokuwa moja. Fundi alipofika kwa baba yangu na ngazi yake, aliambiwa, "Mwambie aliyekutuma, mwanga wake uendelee na safari, mbona umeshazoea kupita," na fundi akashusha ngazi akaenda. Baba mdogo angeweza kumweleza kaka yake kwamba hakuihonga hesabu, wala hakuisahau Kivilampi hata siku moja, lakini mtu aliyeikaribisha aibu ya kusema ukweli mara moja hakurudi kuomba sifa kwa ukweli wa pili.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2009. Mkewe mpendwa Colette aliugua saratani, akafariki tarehe 9 Februari 2011, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akizungumza, nyumba ile ya Thunder Bay ilinyamaza kabisa, na Solange alipompigia simu kutoka Halifax alikuwa akisikia saa ya ukutani kuliko anavyomsikia baba yake. Mwezi Mei 2012 alirudi Kivilampi, akakaa katika nyumba ya bibi, ambayo kama mnavyojua inatazamana na ya baba yangu.

Waliishi hivyo, wazee wawili, uzio mmoja kati yao. Theluji ikianguka, baba yangu aliwasha trekta akasafisha njia yake, kisha, bila kugeuza kichwa, akasafisha na ya mdogo wake mpaka ngazini. Baba mdogo alioka pulla, ule mkate mtamu wa iliki kama wa bibi, akauacha juu ya kiti cha trekta umefungwa kitambaa, na kitambaa kilirudishwa kwenye mlingoti wa uzio, kimefuliwa. Jumamosi sauna zote mbili zilitoa moshi. Siku moja nilimkuta baba mdogo amesimama dirishani na kikombe, nikamwambia, "Baba mdogo, vuka tu, ni hatua chache, atakufanya nini?" akasema, "Nikivuka nitasema nini?" nikamwambia, "Sema lolote," akafikiri kweli kweli, akasema, "Hilo ndilo sinalo." Nilicheka siku ile. Sasa hivi sicheki.

Mwaka 2022 aligundulika na ugonjwa wa mapafu. Alitibiwa hapa na pale, akitumia mashine ya hewa nyumbani, na tarehe 27 Desemba 2024 hali ilipobadilika alichukuliwa na gari la wagonjwa hadi hospitali mjini Thunder Bay. Siku hizo baba yangu alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kukaa garini, na dhoruba zikafunga barabara, zikafunga na viwanja vya ndege, Solange akakwama Toronto, kwa hiyo kwa siku nyingi baba mdogo alilala hospitalini bila mtu wa kwao, na hilo linatuuma na litaendelea kutuuma. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, jua likizama. Jinsi alivyoaga nitaieleza mahali pa shukrani, maana ndipo inapostahili.

Ameacha mtoto mmoja, Solange, kaka mmoja, Taisto, na mimi na wanangu. Kwa kuwa ardhi imeganda, mwili wake utahifadhiwa mjini, na maziko yatafanyika hapa mwezi Mei, tarehe mtatangaziwa.

Familia inawashukuru madaktari wa wadi ya mapafu, ambao walimweleza kila kitu kwa michoro baada ya kugundua kwamba ndiyo lugha yake. Inawashukuru majirani wa Kivilampi, waliomlishia paka, waliokoroga kahawa na kukata mikate kwa ajili ya leo, na waliomsamehe muda mrefu kabla ya kujua kama kulikuwa na la kusamehe. Inamshukuru Bwana Harjit Sohal na wenzake wa kazini kwa safari yao na kwa kutuambia tusiyoyajua. Inamshukuru fundi Luc, ambaye, baada ya baba yangu kuiona sauna ya ng'ambo haitoi moshi Jumamosi ya tatu na kuniuliza Jumanne iliyofuata, "Hao watu wa waya, bado wanafunga?" alikuja Alhamisi asubuhi katikati ya theluji, akavuta waya kutoka kibandani hadi jikoni kwetu. Simu ya kawaida baba alikuwa nayo tangu zamani, lakini watu wawili wasiosemezana watafanya nini na simu? Alitaka kumwona.

Na inamshukuru kwa namna ya pekee Nesi Marivic, ambaye mchana ule alisimamisha kioo cha simu ya picha mbele ya kitanda cha baba mdogo na kumwinua kwa mito. Mimi nilikuwa jikoni na baba. Picha ikatokea, wakatazamana. Baba yangu alikuwa amevaa shati la kanisani. Hakusema kitu, na baba mdogo hakusema kitu, dakika zikaenda, chai yangu ikapoa, wote wawili wameketi vile vile bila hata kusogeza mkono, mpaka Nesi Marivic akaingia, akaangalia kioo, akasema, "Jamani, pole babu, mtandao wenu umeganda, ngoja nikuwashie upya," na baba mdogo akamzuia mkono, akavuta pumzi, akasema, "Acha, binti. Haujaganda. Ndivyo alivyo."

Baba yangu alicheka. Baba mdogo naye akacheka, kwa kadiri alivyokuwa na hewa, kisha wakaendelea kunyamaza, lakini kimya kile, ndugu zangu, nilikaa ndani yake saa zile zote na hakikuwa kama kile nilichokulia. Baba mdogo akafumba macho, tukadhani amelala. Hakuna aliyekuwa chumbani mwake. Aliyeona kwamba kifua hakipandi tena alikuwa kaka yake, kutoka jikoni kwake Kivilampi, na maneno ya kwanza na ya pekee baba yangu aliyoyapitisha kwenye waya ule yalikuwa kumwita nesi, "Dada, njoo, tafadhali. Mdogo wangu ameondoka, na yuko peke yake."

Nesi alikuja akikimbia. Akauliza kama azime kioo, na baba akasema bado.

Pumzika sasa, baba mdogo Arvo, na kimya chako kiwe cha amani.